Mimi, Mashine na Mlolongo wa Ijumaa

Jumatatu, 2 Februari

Ulimwengu na ujue: leo saa moja asubuhi, hapa Karagita, mimi Kiprugut nimevaa tai kwenda kupanga waridi kwenye shamba la maua. Tai nyekundu! Supavaiza Wariara ameamuru ikae ndani ya aproni isije ikamezwa na mashine.

Ndiyo, mashine imefika. Inapima shina, inakata, inafunga fungu. Haiendi chai. Haina mtoto wa kupeleka kliniki. Watu sitini mezani tumeacha kutaniana. Ijumaa tunachagua mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, atakayeingia ofisini kututetea kazi. Wagombea: mimi, na Mama Nekoye wa meza ya pili, ambaye kampeni yake yote ni kuuliza watu hali ya nyumbani. Maskini! Mimi nina mikakati.

Jumanne, 3 Februari

Mkakati umenijia nikinyoa ndevu. Mgomo baridi! Badala ya mafungu thelathini kwa saa, kila mtu kumi na tano. Oda za Valentine zirundikane, ofisi ije yenyewe kuomba mazungumzo. Wote wamekubali. Mama Nekoye aliuliza swali moja tu: wewe mwenyewe, baba, utaweza? Nilicheka mpaka tai ikalegea.

Jumatano, 4 Februari

Hadi saa tatu mgomo ulipendeza kama ibada. Jirani yangu Elphas alikagua ua moja kama anayetafuta mchumba. Meneja akatuma habari: saa nane tukae tuongee. Ushindi!

Kisha fundi wa kutoka Gilgil akaileta mashine kando yangu. Tik, tik, tik. Sikuitazama. Akasema, wala si kwa ubaya, "Mzee, hii hata ukiwa na mikono minne huiwezi."

Mzee!

Kilichofuata sikumbuki vizuri. Najua majani yaliruka. Najua Elphas alinikanyaga mara tatu, nikadhani ananishangilia. Kengele ya chai, saa moja baadaye: mashine mafungu hamsini na moja, Kiprugut hamsini na manne! Meneja alinipigia makofi. Akanipiga picha. Akatangaza kwamba kumbe inawezekana, basi kuanzia kesho ni hamsini na manne kwa kila mtu, na mazungumzo hayana haja tena.

Alhamisi, 5 Februari

Hakuna aliyenisalimia. Mikono imevimba, kikombe hakishikiki. Mke wangu Cheruto, anayefanya kazi kule kwa vitalu vya maua, ameniwekea ugali mtupu. Mboga, anasema, nimwombe meneja.

Ijumaa, 6 Februari

Kura ya mlolongo. Mgombea anasimama mbele, watu wanapanga foleni nyuma yake, kugeuka marufuku. Nilisikia vishindo nyuma yangu. Vingi! Nikaanza hotuba ya ushindi. Niliahidi hata choo kipya.

Ukweli, kwa kuwa daftari hili ni la macho yangu tu: vishindo vilikuwa vya watu wakipita kwenda kwa Nekoye. Nyuma yangu alisimama Cheruto peke yake, na alikuwa amefuata ufunguo wa nyumba. Alipoupata naye akahama. Mwishowe nikahama hata mimi. Jua lilikuwa kali.

Nekoye aliniburura hadi ofisini, akamwambia meneja aitazame mikono yangu, hiyo ndiyo saa moja ya hamsini na manne. Meneja alitazama. Tumetoka na barua: mafungu yamerudi thelathini, hakuna atakayefutwa, mashine tutaiendesha wenyewe. Mimi ndiye nitakayewafundisha wenzangu. Nimekubali kwa unyenyekevu mkubwa.

Fundi anasema wameiongezea kasi, sasa inafika sitini.

Nimeloweka mikono kwenye maji ya chumvi. Kufikia Jumatatu itakuwa tayari kwa sitini na moja.