Ndugu Masolwa na Kiti cha Gome

Ndugu Mwenyekiti; Ndugu Makamu, unayekaimu nafasi ya Mwenyekiti ambaye hakufika; Ndugu Mwakilishi wa wengine ambao nao hawakufika; wazee watukufu wa Tabora; wajumbe mlioshuka treni kutoka Bukene na Igalula mkiwa na vumbi la heshima mabegani; warina asali wa Ipole; akina mama, akina baba, na wanafunzi mliotolewa darasani kuja kunishangilia: Uhuru! (Umma: "Na kazi!") Uhuru! (Umma, kwa sauti ndogo zaidi: "Na kazi!")

Mimi, Masolwa, Katibu Mtendaji wa Sabukamiti ya Kodinesheni ya Mielekeo, nimesimama mbele ya turubai hili, ambalo nyuma yake kipo Kituo cha Sanaa na Ubunifu wa Majaribio, nitakachokifungua kwa ajili ya binti yetu Zeyana, mtoto wa duka la vitambaa, aliyesoma chuo kikuu huko Pwani na sasa anatakiwa kuandika tasnifu ya shahada ya pili. Na walimu wake wamesema asipopeleka kwa treni ya leo mwelekeo wa tasnifu hiyo uliopitishwa na sisi, nafasi yake atapewa mwingine, naye arudi kupima vitambaa. (Sauti za huruma.) Msihuzunike! Mwelekeo ni nini? Mwelekeo ni prosesi! (Makofi.)

Binti huyu alituletea pendekezo la kubuni viti kwa gome la mti wa myombo, gome lile lile ambalo bibi zetu hushonea vilindo vya kuwekea nafaka. Na kiti cha majaribio amekileta, kile pale, cha duara, hakina mguu wala mgongo. Sabukamiti ililikataa pendekezo hilo kiteknikali, kwani majaribio ya kisasa hufanywa kwa kitu kisichojulikana na mtu yeyote, hasa wananchi. Aidha, utafiti wetu wa kina umebaini kwamba asilimia tisini na tisa ya wananchi hukaa, na asilimia iliyobaki, yaani mimi, huhutubia. (Kicheko.)

Sasa niruhusuni niketi kidogo, ndipo nianze utangulizi. (Kicheko kikubwa. Bibi Mwanne, Mzaramo muuza kahawa, amekalia kiti cha Katibu.)

Bibi, hicho ni kiti cha serikali.

("Kilikuwa! Sasa nimekiteka, mtani wangu. Babu zenu Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu hadi kwetu Pwani wakazitua. Wewe umebeba maneno tangu asubuhi, utayatua wapi? Mpitishie mtoto mwelekeo wake, ukomboe kiti chako.")

Ndugu wananchi, utani mnaujua. Mzaramo akimtekea Mnyamwezi kitu, kukasirika ni aibu ya ukoo mzima, na kuita askari ndiyo aibu kuu. Lakini Mzaramo wewe, babu zetu walipofika kwenu waliwakuta mmelala, na hadi leo mkiamka mnatafuta pa kukaa! (Vigelegele.)

Ila goti langu hili bovu halina utani. Nikae wapi?

(Zeyana anasogeza kiti cha gome. "Shikamoo, Ndugu Katibu. Karibu ukae.")

Marahaba, mwanangu. Naketi kwa niaba ya Sabukamiti, na ieleweke kwamba naketi nikipinga. (Gome linalia kwii. Umma unanyoosha shingo.) Hakijavunjika. Ndugu wananchi... kinanesa. Goti limenyamaza! Halijanyamaza tangu siku ya Uhuru! (Shangwe. Zeyana ameziba mdomo kwa mikono miwili.)

Kwa hiyo natangaza kwamba mwelekeo huu, ambao Sabukamiti iliuona na kuupenda tangu mwanzo, umepitishwa rasmi. Leta karatasi, binti, nitie sahihi hapa hapa pajani. Haya, kimbia! Treni haisubiri hotuba! (Zeyana anakimbia, ushungi ukipepea, wanafunzi wote wakimfuata.)

("Njoo uchukue kiti chako, mtani!")

Baki nacho, mtani. Kiti cha gome! (Umma: "Hoyee!") Kukaa kwa kujitegemea! ("Hoyee!")

Namalizia kwa shukrani. Nawashukuru ndugu wa stesheni waliotuazima turubai, ambao wanalitaka sasa hivi. Namshukuru Mabruki, fundi wetu wa baiskeli, kwa baiskeli mbili zilizolishikilia kwa nyuma. Na nakishukuru Kituo chenyewe, ambacho kingependeza sana kama kingekuwapo. (Turubai linavutwa. Baiskeli mbili, na mbuzi.)

Mwaweza kutawanyika. Mimi bado nimekaa.