Banda Linalopita Tu

Jumatatu, 3 Juni
Asubuhi mawingu, upepo kidogo, hakuna mvua. Kuku wangu sita wameingia tena kwenye mchicha wa wifi. Wifi hakupiga kelele. Alichuma jani moja lililodonolewa, akampelekea mama mkwe kwenye sahani. Hukumu: kuku wakiwa bado nje ifikapo Jumapili, wanahamia kwa wifi, mwenye banda la matofali. Wifi akasema atawapokea kwa moyo mkunjufu. Nilimwona akiwahesabu.

Jumanne, 4 Juni
Nimechora. Banda la kuhamishika: mita mbili kwa moja, wavu pande zote, bati juu, bila sakafu. Kuku wanakula majani yaliyo chini yao. Kesho yake unalivuta mbele, wanapata mapya. Mbao nimetoa kwenye kitanda cha wageni. Mume wangu aliuliza wageni watalala wapi. Nikamwuliza wageni gani. Akaondoa godoro.

Alhamisi, 6 Juni
Seremala alipita, akasema misumari niliyopigilia inatosha kujenga daraja. Tena, akasema, banda la kuhamishika sharti lihamishike. Nilijaribu kuliinua. Wapi! Nimefunga magurudumu ya kigari cha mtoto. Mtoto mwenyewe yuko darasa la tano. Sasa linakwenda, ingawa linavuta kushoto.

Jumapili, 9 Juni
Jua kali. Mama mkwe alizunguka banda mara mbili, akatikisa wavu kwa fimbo, akasema, "Haya mwanangu, umeniweza." Kuku wamebaki wangu. Wifi akasema banda linanuka kitanda. Wivu huo.

Jumatatu, 10 Juni
Tatizo dogo. Upande wangu hauna majani. Kuku waliyamaliza mwaka jana. Upande wa wifi, ng'ambo ya mstari wa mawe, yanafika kwenye vifundo vya miguu. Wifi amekwenda kumsalimia shangazi yake hadi Jumamosi. Nimevuta banda hadi kwake. Mtu akiuliza, halikai pale, linapita tu. Ijumaa jioni litakuwa limerudi.

Alhamisi, 13 Juni
Mkaguzi, yule kuku mweusi anayechungulia kila sufuria, hakuja kula. Nikainama. Amechimba kiota kwenye kona, ana mayai tisa, yake na ya wenzake, na ameanza kuatamia. Nilipogusa banda alivimba, akanidonoa kidole gumba. Kuku wa namna hii ukimhangaisha hususa kiota, mayai yakaoza. Siku ishirini na moja. Banda la kuhamishika halihamishiki.

Jumamosi, 15 Juni
Manyunyu. Wifi amerudi. Nilimweleza kwamba linapita tu. Akauliza linapita kwa mwendo gani, maana majani ya pembeni yameshaota kupita magurudumu. Mama mkwe akaitwa, akaja na kigoda chake, ishara kwamba hana haraka. Hukumu: niondoe banda na wale watano leo hii, Mkaguzi abaki alipo, afunikwe tenga, vifaranga watakaoanguliwa upande wa wifi ni wa wifi. Na nikivuka tena mawe kwa ujanja wowote, kuku wote wanakwenda kwake. Wifi alinishika bega. "Usijali wifi yangu, utakuwa unakuja kuwatazama."
Vifaranga tisa!

Jumapili, 16 Juni
Mchana kutwa nimekuwa mpole. Nimemwomba wifi radhi, nikamwagilia mchicha wake, na nilipokuwa pale nikapima. Kutoka kiota hadi mstari wa mawe ni mita moja na sentimita themanini. Siku zilizobaki ni kumi na nane. Hesabu haina hata desimali: sentimita kumi kila alfajiri, kiota na tenga lake vikiwa juu ya kipande cha bati, bati likivutwa taratibu kwa kamba ya nguo, mimi nikiwa nimesimama upande wangu. Sitavuka mawe, isipokuwa mara moja ya kupenyeza bati. Mama mkwe ametaja mahali watakapoanguliwa tu. Na sentimita kumi nani ataziona? Mkaguzi mwenyewe hataziona.
Nimechora jedwali la siku zote kumi na nane, lenye nafasi ya kuweka alama ya vema. Bati nimebandua kwenye paa la banda. Wale watano nimewafunika shuka ya kitanda cha wageni.
Kidole gumba bado kimevimba. Nazima taa saa tatu na dakika kumi.