Tezi Dume Kumi na Karatasi ya Kuokea

Jumatatu, 3 Machi

Wiki ya kujifunza kazi imeanza. Darasa zima la tisa limetawanyika: wengine kwa vinyozi, wengine madukani. Mimi niko idara ya mionzi hospitalini. Niliandika barua tatu kuomba nafasi. Silke wa darasa letu hakuandika hata moja. Alitaka zizi la farasi, likajaa, mama yake akapiga simu hapa. Basi! Tuko wote.

Kazi yenyewe ni kuchora mipaka. Kabla mgonjwa hajapigwa mionzi, mtu hushika kipanya na kuzungusha mstari kwenye picha ya nyonga: hiki kibofu, hii tezi dume. Daktari Bodil anachunguza kama mistari hiyo ya mkono inaaminika. Sisi tutachora tezi dume kumi kesho, kwenye picha za zamani zisizo na majina. Alhamisi tutazichora tena. Kompyuta italinganisha. Moja kamili maana yake umekubaliana na nafsi yako. Sifuri maana yake Mungu akusaidie.

Mmoja wetu ataitwa kiangazi kusaidia utafiti. Mmoja tu! Nimeitaka kazi hii tangu nina miaka tisa.

Mama aliuliza nimefanya nini leo. Nikajibu picha. Tezi dume haitamkiki mezani.

Jumanne, 4 Machi

Nimefika nimelowa hadi soksi. Theluji ya maji, baiskeli, upepo wa uso.

Tezi dume ni kijivu ndani ya kijivu. Nilichora kumi kwa saa nne. Silke alimaliza kwa dakika arobaini, huku anatafuna pipi zake za chumvi, akaniuliza kama nachora au nasali.

Picha ya saba nilipiga chafya. Mstari ukaruka na kuacha mkia. Niliona haya kuuliza unafutwaje. Nikaendelea.

Halafu wazo! Silke alipokwenda kula, nilichukua karatasi ya kuokea, ile inayopitisha mwanga, kwenye jiko la wafanyakazi, nikaibandika juu ya skrini, nikanakili mistari yangu yote kwa penseli. Karatasi kumi. Nimezificha ndani ya kitabu cha hesabu. Mgongo unauma kama wa mzee.

Jumatano, 5 Machi

Siku ya mapumziko ili mkono usahau. Tumewatazama madaktari wakichora picha moja, kila mtu peke yake. Mistari haikupatana! Daktari Bodil akamuuliza Daktari Troels kama hiyo ni tezi dume au boga. Troels akasema afadhali boga lake kuliko njegere ya Bodil, mgonjwa atapona kwa njegere? Walibishana hadi chai ikapoa, juu ya mahali kibofu kinapoishia. Silke alicheka hadi akakohoa.

Mimi sikucheka. Niliwaonea huruma. Miaka ishirini kazini na bado hawalingani! Alhamisi watajionea kijana anayelingana.

Kesho iko mbali sana.

Alhamisi, 6 Machi

Janga! Picha zimechanganywa, namba zote mpya. Jasho. Nikatulia, nikaanza kuwatambua wagonjwa kwa mifupa. Yule mwenye nyonga ya chuma ni rahisi, chuma chake kinatawanya miali kama jua. Wengine walinigharimu asubuhi nzima. Silke akauliza mbona nanusa skrini. Nikasema macho yangu mabovu. Akaniita bibi. Alipotoka tu, karatasi ikapanda juu ya skrini.

Karatasi ya mmoja ilikuwa na kimkia cha ajabu pembeni. Nilisita. Lakini Jumanne nilikuwa makini mno, lazima nilikuwa na sababu. Nikakichora.

Ijumaa, 7 Machi

Silke: nukta themanini na moja. Mimi: nukta tisini na nane!

Daktari Bodil hakupiga makofi. Alisema yeye mwenyewe hajawahi kupita tisini na moja. Akaita picha ya saba, ya Jumanne na ya Alhamisi, akaziweka moja juu ya nyingine. Mkia juu ya mkia. Akaniuliza kwa upole mkia huu ni kiungo gani. Silke akajibu: hiyo ni chafya yake, nilikuwepo! Troels akasema mtu anayepiga chafya ileile mara mbili, siku mbili, ni wa kupelekwa makumbusho.

Nikakiri. Sauti haikutoka vizuri, nikakiri mara mbili.

Hakukasirika. Ingekuwa nafuu. Alikaa kama mtu aliyebeba mizigo tangu alfajiri, akasema, "Mwanangu, tezi dume zako sikuzihitaji. Nilihitaji makosa yako." Akaeleza kwamba kadiri mikono inavyopotea, ndivyo wanavyoongeza ukingo, yaani nafasi ya ziada ya mionzi, kuzunguka kiungo. Ukimdanganya kwamba mkono haupotei, ukingo unabanwa, na mionzi inaukosa ugonjwa kwa mtu wa kweli.

Kisha akanipa nafasi ya mwisho. Jumatatu baada ya shule nichore kumi zilezile, kwa mkono wangu. Akiona mkono wa kweli, bado nitashindana na Silke kwa kiangazi.

Hakuuliza karatasi ziko wapi.

Jumapili, 9 Machi

Nimetafakari siku mbili. Sikula vizuri. Kosa langu nimeliona, na ninaona aibu kwamba lilinichukua muda wote huu: nililingana kupita kiasi.

Daktari anahitaji makosa. Atayapata! Nimekaa na karatasi zangu tangu asubuhi, nimefuta mkia, nimepanga makosa ya picha zote kumi na kuyakariri. Milimita mbili kulia, moja kushoto. Mbili kulia, moja kushoto. Hivyo hivyo hadi mwisho, bila kukosea hata mara moja.