Majaribio Kumi na Mawili ya Gari la Mikate

Jumatatu, 3 Agosti 1959

Shule imefungwa tangu Ijumaa. Nilipanga kufanya aljebra likizo nzima. Haitawezekana.

Baba amepata nafasi. Kwa miaka minane amebeba mikate kwa baiskeli kutoka kwa mwokaji hapa Thika hadi maduka ya Ruiru, makreti mawili nyuma, moja mbele. Sasa mwokaji anataka mtu mmoja abebe mikate yote ya Ruiru, kwa gari. Baba akiwa na gari linalotembea Jumatatu ya tarehe 24, kazi ni yake. Asipokuwa nalo, inakwenda kwa mtu wa Juja mwenye lori. Na baiskeli haitapewa mikate tena, hata kreti moja.

Ng'ombe wawili wameuzwa. Pamoja na akiba, Baba ana shilingi elfu moja na mia sita. Fedha hizo hazinunui gari jipya. Zinanunua gari la mtu aliyelichoka.

Baba aliniita. Huniita maitu, yaani mama yangu, kwa sababu nina jina la mama yake. Alisema yeye anajua kuendesha, alifundishwa lori vitani Burma, lakini ndani ya injini hajui kitu, na amelipa karo ya mtu anayejua kusoma. Nilikubali. Nimeazima kitabu cha utunzaji wa magari kutoka maktaba ya shule. Hakina jalada, lakini kina michoro.

Cucu, bibi yangu, alikuwa akimenya viazi. Alisema gari ni mnyama tu. Usimwambie mwenye mbuzi siku utakayokuja. Akijua, hamkamui tangu juzi. Unamkuta na kiwele kimevimba, unahesabu maziwa ya siku mbili ukidhani ni ya asubuhi moja. Nenda alfajiri, bila habari.

Nilimsikiliza kwa heshima. Gari halina kiwele.

Alhamisi, 6 Agosti

Nimenakili majaribio kumi na mawili kutoka kitabuni, kwa wino. Rejeta isivuje. Moshi usiwe wa buluu. Giaboksi isingurume. Na kadhalika.

Tulikwenda na Baba Gatongora, kwa Bwana Zacharia, mwenye duka na shamba la migomba. Anauza gari la boksi, la kijani. Ni mtu mnene, mcheshi, mwenye sauti kubwa. Watu wenye sauti kubwa hunifunga koo.

Baba alinitazama ili nianze. Karatasi ilikuwa mfukoni. Nilimuuliza Bwana Zacharia kama gari halijambo. Alisema halijambo kabisa. Nikasema asante. Baba alidhani nimemaliza, akashukuru pia. Tulikunywa chai, tukarudi. Injini haikuwashwa. Betri ilikuwa imepelekwa mjini kutiwa umeme.

Jirani yetu Baba Wilkister, Absalom Odhiambo, ni fundi wa mitambo katika kiwanda cha magunia. Aliposikia, alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Mwalimu, umekwenda kuamkia gari?"

Binti yake, Wilkister, yuko darasa moja nami. Hajamaliza kitabu hata kimoja mwaka huu, lakini hulala chini ya magari na baba yake na kutoka na oili masikioni. Ananiita Profesa. Simjibu.

Ijumaa, 7 Agosti

Nimepata dawa. Kinachonishinda kwa mdomo hakinishindi kwa kalamu. Nimemwandikia Bwana Zacharia barua. Nimemweleza kwamba tutakuja Jumamosi tarehe 15, saa nne kamili asubuhi, na nimeorodhesha majaribio yote kumi na mawili, kila moja na mstari wake, ili tukifika nisihitaji kuuliza. Ni haki pia. Mwalimu hutuambia mtihani utatoka sura gani.

Nimeambatisha stempu ya majibu.

Jumanne, 11 Agosti

Bwana Zacharia amejibu! Anasema hajawahi kupata barua ya adabu kama hiyo. Anatungoja kwa furaha. Anaomba nimfafanulie jaribio la saba, la giaboksi: je, isingurume kidogo, au isingurume kabisa?

Nimejibu kwamba kabisa.

Jumamosi, 15 Agosti

Baba Wilkister alikuwa ameomba tungoje kesho, Jumapili, atoke zamu aje nasi. Nilimweleza Baba kwamba ahadi ya maandishi haivunjwi. Baba alikubali. Wilkister alikuja bila kualikwa.

Gari liling'aa. Bwana Zacharia alikuwa na barua yangu mkononi, na kila jaribio amelitia alama kwa penseli nyekundu. Nilifurahi sana. Sijaona mtu mzima akisoma kazi yangu kwa makini namna hiyo.

Rejeta kavu. Tairi nyeusi ti, ziliacha rangi kwenye kidole changu. Honi ililia. Moshi hauna rangi. Injini iliwaka mara moja. Wilkister alishika boneti, akasema ina joto, gari limewashwa kabla hatujafika. Kulikuwa na mawingu na baridi ya Agosti. Bwana Zacharia alisema bati jema hutunza hata jua la jana. Sikukumbuka kitabu kinasema nini juu ya hilo, kwa hiyo halikuwa kosa.

Baba aliendesha mpaka kanisani na kurudi. Giaboksi ilikuwa kimya kama paka.

Wilkister alisema ananusa ndizi. Nilimwonyesha migomba. Ilituzunguka pande zote. Alisema ananusa ndizi iliyopikwa. Nilimwambia jaribio la ndizi halipo.

Kumi na mbili kwa kumi na mbili. Baba alihesabu fedha juu ya boneti. Kisha tukarudi Thika kwa gari letu, Wilkister akiwa nyuma mahali pa mikate, akiimba.

Jumatatu, 17 Agosti

Baba amefunga rafu za mbao ndani ya gari. Amepaka jina lake mlangoni, WAINAINA, herufi nilizomchorea mimi. Mwokaji alikuja kuona, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Harufu ya jikoni imezidi. Baba anasema inampa njaa.

Jumanne, 18 Agosti

Nimeandika polepole kwa sababu sitaki kuandika.

Tulikwenda Ruiru kujaribu njia, makreti yakiwa matupu. Tulipovuka daraja na kuanza kupanda, giaboksi ilianza kunong'ona. Halafu ilisaga, kama kinu cha mahindi kilichoingia jiwe. Halafu ikanyamaza, na gari likanyamaza nalo. Tulilisukuma hadi ua wa mwenye duka mmoja ambaye hununua mikate ya Baba. Tulirudi kwa basi. Jioni nilimkuta akipiga pampu tairi za baiskeli, ingawa Jumatatu baiskeli haitakuwa na kazi. Goti lake la kushoto halikunji vizuri siku hizi. Sijui kwa nini sikuliona mapema.

Jumatano, 19 Agosti

Baba Wilkister aliomba ruhusa kazini, akatukuta Ruiru. Aliweka karai chini ya giaboksi, akafungua. Kilichotoka hakikuwa oili peke yake. Kilikuwa kizito, cheusi, na kamba kamba. Alikinusa, akakisugua kati ya vidole.

"Ndizi," alisema. "Zimeiva vizuri. Na nyuzi za katani, ili zishikamane. Meno ya gia yamekwisha siku nyingi. Mtu ameyapa uji ili yasilie." Akaniuliza kama ningependa na chai.



Baba aliuliza jinsi Bwana Zacharia alivyojua kwamba tutasikiliza gia. Nikamweleza juu ya barua. Alikaa juu ya kreti tupu. Kisha akasema, "Maitu, umemwazima mwizi ufunguo na kumshikia taa." Hakupandisha sauti. Baba hapandishi.

Nyumbani niliandika barua ya malalamiko kwa Bwana Zacharia, nakala mbili kwa karatasi ya kaboni. Nimempa siku kumi na nne za kujibu. Cucu aliuliza karatasi inasema nini. Nilimsomea. Aliuliza kazi ya mikate inaanza lini. Nikasema baada ya siku tano. Alichukua barua, akawashia moto wa chai. Nina nakala.

Alhamisi, 20 Agosti

Cucu hakumwandikia mtu. Tulipanda basi la kwanza. Kulipopambazuka, yeye, Baba na mimi tulikuwa Ruiru, na mwenye duka yule ametuazima fahali wawili. Tulilivuta gari mpaka Gatongora. Cucu alitangulia na fimbo.

Kwetu ng'ombe aliyeuzwa kwa kufichwa ugonjwa hurudishwa kwa mwenyewe mbele ya watu. Cucu alifunga gari kwenye mti wa lango la Bwana Zacharia kwa kamba ya ng'ombe, fundo la ng'ombe, akaweka na majani mbele yake. Akaketi. Ilikuwa saa ya watu kupeleka maziwa na kuteka maji. Kila aliyepita alimwamkia, naye kila aliyemwamkia alimwambia jambo lile lile.

"Nimemrudisha ng'ombe wa Zacharia. Tulimnunua hali kitu ila petroli. Kumbe amezoeshwa ndizi."

Wanawake waliweka mitungi chini. Mzee mmoja aliuliza kama ni ndizi za kuiva au za kupika. Watoto walililisha gari majani.

Bwana Zacharia alitoka akiwa na shuka. Alipoona watu, alirudi ndani akavaa koti, akatoka na barua yangu. Aliiinua juu. Alisema yeye ni mtu wa haki, alipewa masharti kumi na mawili kwa maandishi, akayatimiza yote kumi na mawili, na mwenye kuyaandika ndiye huyu hapa, aulizwe.

Wote walinitazama. Lakini ukweli ni ukweli. Nilisema kwamba siku ile, saa nne, yote kumi na mawili yalikuwa sawa.

"Wajina," alisema Cucu, "nenda kateke maji."

Niliteka maji. Niliporudi, watu walikuwa wameongezeka, na mzee yule alikuwa akimuuliza Bwana Zacharia iwapo hata mbuzi anaowauza huwatia ndizi. Fedha zilitoka. Zote, ila shilingi tano, ambazo Bwana Zacharia alisema ni thamani ya ndizi zake. Cucu alisema sawa, haki ni haki. Ila kama shilingi tano zimenunua ndizi, basi na maganda ni yake yeye Cucu, aletewe hapo hapo. Shilingi tano zikatoka pia.

Barua yangu ya malalamiko nilimwachia kwenye dirisha la duka. Ile nakala. Mambo yawe na kumbukumbu.

Ijumaa, 21 Agosti

Nilipoamka, Baba, Cucu na Baba Wilkister walikuwa wameondoka. Hakuna aliyeniambia wanakwenda wapi. Wilkister alijua. Alikuwa amekwenda nao.

Walirudi saa tano na gari jingine, la kijivu, kutoka kwa dereva mmoja wa shamba la kahawa. Walimkuta bado kitandani. Baba Wilkister aliliwasha likiwa na umande, likakohoa mara tatu likakubali. Mlango mmoja umefungwa kwa kamba ya katani. Taa moja haipo. Linanguruma tangu likiwa mbali. Tulilisikia kabla hatujaliona.

Nimelipima. Tano kwa kumi na mbili. Nilimweleza Baba Wilkister kwamba kwa kitabu limeanguka. Alisema, "Mwalimu, hili halifichi kitu. Kila ugonjwa wake linautangaza lenyewe. Gia zake ni kelele tu, meno yapo, nimeyahesabu."

Limenunuliwa shilingi elfu moja na mia tatu. Taa na mlango vitatengenezwa kwa zilizobaki.

Jumatatu, 24 Agosti

Mikate yote ya Ruiru ilifika kabla ya saa moja, ikiwa na joto. Mwenye lori wa Juja alikuja kwa mwokaji kuangalia kama Baba atashindwa. Alisikia ngurumo, akageuza lori.

Baba alirudi akipiga mluzi. Amenunua sukari. Baiskeli ameipa mafuta, akaitundika ukutani.

Wilkister ndiye aliyekaa mbele. Alisema angeniachia kiti, lakini Profesa anaweza kuanguka kwenye mlango wa kamba. Nimeandika upya jina WAINAINA kwa gari la kijivu. Baba alisema herufi zangu ni nzuri sana. Alisema mara mbili.

Jumamosi, 5 Septemba

Shule inafunguliwa keshokutwa. Nimetafakari mambo yote kwa utulivu na kuona kosa lilikuwa wapi. Majaribio yalikuwa machache mno. Orodha yangu mpya ina arobaini na moja. Ndizi ni la thelathini na mbili.

Jana nilimsikia Cucu akimnong'oneza Baba kwamba anataka mbuzi wa maziwa, na amemwona mmoja Ngoingwa kwa Mama Waithira. Atakwenda Jumatano alfajiri kumwona akikamuliwa. Baba asimwambie mtu.

Naona ni vibaya mwanamke wa umri wake kwenda mbali hivyo kwa kubahatisha. Kwa hiyo leo asubuhi nimemwandikia Mama Waithira. Nimemtajia siku na saa. Na kwa kuwa Cucu atakwenda kwa ajili ya maziwa, nimemwomba kwa heshima asimkamue mbuzi huyo tangu Jumatatu, ili asije akamkuta mtupu.

Nimeweka na stempu.