Kinyozi na Visiwa vya Moto

Jumatatu, 3 Juni
Nimezaliwa na nyota ya jaha, watu waseme watakavyo. Nimeshinda! Kampuni ya sabuni inatoa safari ya visiwa vitano, kila kisiwa na volkano yake, na mshindi ni mimi, kinyozi wa barabara hii. Mche wa sabuni wamenipa papo hapo dukani, kama kishika nafasi. Safari yenyewe inafuata.

Nimemwambia mke wangu. Akageuka kutoka jikoni, mwiko mkononi. Akauliza mara hii ni kweli, au ni kama ule urithi wa mjomba, ambaye yu hai mpaka leo. Nikasema kweli tupu. Akatabasamu. Tabasamu lile sijaliona tangu harusini.

Jumanne, 4 Juni
Nimebandika ramani kwenye kioo cha saluni. Wateja wanaona visiwa, hawaoni vichwa vyao. Afadhali, maana leo mawazo yalikuwa safarini na mwalimu mkuu ametoka na upande mmoja mfupi kuliko mwenzake.

Mpango: kisiwa hadi kisiwa kwa feri za usiku, tulale humo humo. Malazi bure! Chai tutachemshia mvuke wa mlima. Wasomi hawajalifikiria hilo. Fundi viatu wa ng'ambo ya barabara, tunayemwita Gundi, akapaza sauti kwamba milima ya moto huyeyusha soli, nipitie kwake kwanza. Wivu! Nikamwambia asubiri picha yangu nikiwa nimeegemea volkano.

Alhamisi, 6 Juni
Shemeji, dada mkubwa wa mke wangu, amewasili na sanduku. Nani kamwalika? Anasema joto la kisiwa cha tatu litamfaa magoti. Wateja nao wanaagiza mawe. Kumbe lile jiwe jepesi la kusugulia visigino ni povu la volkano lililoganda! Nimeahidi mtaa mzima. Mwenye duka la dawa kataka gunia. Nimekubali. Moyo mkubwa, ndio ugonjwa wangu.

Mke wangu kapewa likizo. Ni mpishi wa kantini ya hospitali. Likizo yake ya mwisho ilikuwa ya uzazi, na mtoto huyo sasa ana ndevu. Nilimsikia akimwambia dada yake kwamba volkano hazimhusu. Anachotaka ni kukaa kwenye kiti, mtu mwingine apike, kisha amuulize, "Mama, nikuongezee?"

Nikatoka nje kidogo. Vumbi jichoni.

Jumamosi, 8 Juni
Mazoezi ya kupanda mlima kwenye ngazi za jengo letu, kila mtu na sanduku lake. Mke wangu alipanda na kushuka akiimba. Mimi nilikwama ghorofa ya pili, shemeji akinipepea kwa ramani na kuuliza kama nina wosia.

Mchana nikaenda dukani kuulizia, kwa upole tu, safari inatoka lini. Muuzaji alicheka hadi akashika kaunta. Aliyosema siandiki.

Maji nimeshayavulia nguo.

Jumapili, 9 Juni
Njia imepatikana! Wakati wa chai nikatangaza kwa uso wa msiba: volkano imekohoa, feri zimesimama, safari haipo tena, mimi nani nishindane na mlima. Shemeji akalia. Wakati huo huo anaingia Gundi, kaleta viatu vya mke wangu, soli mpya, zawadi ya safari. Akasema redio yake inawaka tangu alfajiri na milima yote imelala fofofo. Alisema bila kejeli hata chembe. Ndipo palipouma.

Mke wangu hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alivaa vile viatu, akaketi kwenye kiti changu. Akasema likizo ni yake na hairudishi. Kisha akanirushia aproni.

Jumatano, 12 Juni
Napika. Sufuria imeungua tena, moshi mpaka kwa jirani. Mke wangu, miguu ndani ya beseni, akasema naam, hii sasa ndiyo volkano, na akauliza tumefika kisiwa cha ngapi. Shemeji alicheka akasahau magoti. Nikasogea na upawa. Nikamuuliza, "Mama, nikuongezee?"

Akanyoosha sahani. Akasema ongeza, ila usinipe sehemu iliyoungua. Lile tabasamu likarudi. Nusu, lakini likarudi.

Jioni nimempasulia Gundi siri: kampuni ya dawa ya meno inatoa safari ya nchi za barafu, na kwa nyota yangu hii, tumeshafika. Nimemwahidi kiti cha dirishani. Shemeji kaanza kufuma sweta.

Ila wewe shajara huna mdomo, nikwambie. Safari ya visiwa sikushinda. Nilishinda mche wa sabuni, ndio huo umo ndani ya beseni.