Zimwi la Chini ya Dirisha

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Dada anauza nyumba! Kanitangazia nikiwa nimeinama natafuta soksi chini ya kochi, kama mtu anayesema sabuni imekwisha. Kasema ngazi zinamuua magoti. Vyumba vimekuwa vingi kuliko watu. Binti yake, kule mji wa pili, kishamwandalia chumba. Na mimi je? Nitatafutiwa "mahali panaponifaa." Akaniuliza, sindano mdomoni, kama nina neno. Nikasema sina neno, afanye anavyoona. Nikarudi kwenye soksi zangu. Sikuziona. Macho yalikuwa na ukungu wa ajabu. Vumbi, bila shaka.

Hii ni nyumba ya bibi yetu. Humu tulilelewa. Chumba cha mbele, ambako dada anashonea nguo za watu, ndimo tulimokuwa tukilala wajukuu wote kitanda kimoja, wengine vichwa huku, wengine kule, bibi akiwa kwenye kigoda chake karibu na dirisha, anatutisha kwa habari za mazimwi mpaka tunagombea shuka. Mafuta ya taa yakinukia popote pale, mimi nina miaka saba tena. Chini ya ngazi kuna meza yangu ya kutengenezea saa. Siku hizi watu wanaangalia saa kwenye simu, lakini meza ipo. Mahali panaponifaa! Panaponifaa ni hapa.

Haiuzwi. Nina mpango.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Mpango wenyewe. Niuandike vizuri, asije mtu akausoma nikishakufa asielewe.

Tangu mwaka juzi, vitu vyote vya hadithi za bibi vimerudi. Mwanzoni ilikuwa hofu tupu. Shule zikafungwa. Jitu moja likakaa juu ya kituo cha mabasi wiki nzima, likiwatazama watu kama sisi tunavyotazama kuku. Watu walipotea, wengine hawakuonekana tena. Halafu, sijui ilikuwaje, tukazoea. Vibwengo wako kwenye matangi ya maji, ukifungua bomba unasikia wanacheka. Majini wameingia kwenye vioo. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara, mtu asiye na haya hata kidogo, amepata jini kwenye kioo chake linalomwonyesha mteja atakavyokuwa uzeeni. Foleni mpaka barabarani! Kila asubuhi ananipungia mkono, kisha anaitazama meza yangu, kisha ananihurumia.

Lakini zimwi hakuna anayelitaka. Zimwi linakula watu, kila mtoto anajua. Nyumba yenye zimwi nani atainunua?

Kwa hiyo nyumba yetu itakuwa na zimwi. Zimwi nitakuwa mimi.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Aibu. Aibu ya kufunikia uso.

Mnunuzi alikuja mchana: mwalimu mstaafu na mkewe, watu wapole, wamevaa vizuri. Mimi nilikuwa juu ya ngazi, nimejizungushia pazia zito la dada, sufuria kichwani. Bibi alitufundisha kwamba nyayo za zimwi zinatazama nyuma, basi nikavifunga viatu kwa kamba, visigino mbele. Kwenye kioo nilijitisha mwenyewe.

Nikanguruma. Nikapiga hatua moja ya kutisha.

Ngazi nyingine zote nilizishuka kwa mgongo.

Nilitua miguuni pa mke wa mwalimu. Akaniinulia sufuria usoni, akaniuliza kama nimeumia. Mwalimu akasifu ngazi, kwamba mzigo wote ule umeporomoka na hakuna ubao uliolegea. Dada akasema, bila kupandisha sauti, kwamba huyu ni mdogo wake, anatengeneza saa. Nyumba wameipenda. Watarudi Jumanne kukamilisha.

Mlango wa mbele ulikuwa wazi. Kinyozi aliona yote. Alivuka barabara kuja kuuliza kama zimwi lingependa kunyolewa.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Nimepata la kweli!

Nilikwenda kwenye ile ofisi inayowatafutia makazi viumbe waliorejea. Nikamwambia karani nataka zimwi kali kuliko yote. Karani akanitazama juu ya miwani, akasema makali yamechukuliwa na mabenki. Limebaki moja. Akaonyesha mwisho wa benchi kwa kalamu.

Sitajifanya shujaa kwenye shajara yangu mwenyewe. Nilirudi nyuma hadi nikaigonga meza ya karani. Lilikuwa limekaa na bado kichwa kilikuwa karibu na dari. Jicho moja. Nywele za masikioni zinafika mabegani. Lilipogeuka nikaona mdomo wa pili, kisogoni, umefumbwa kama mfuko wa mtu bahili. Nilitaka kukimbia. Lakini likaninusa, mara moja, taratibu, kisha likasimama na kuchukua kifurushi chake, kama mtu aliyeniona nimechelewa kumpokea.

Tulitembea mpaka nyumbani. Linaogopa pikipiki! Kwenye kuvuka barabara lilinishika mkono wa shati, nami nikasema, "Twende sasa," na tukaenda. Watu walitupisha. Na kinyozi, alipotuona, alifunga mlango kwa komeo, wateja wakiwa ndani na povu usoni. Sijafurahi hivi tangu nitoke utotoni.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Sijui niandike vipi.

Asubuhi dada aliona nilichokileta. Akatupa rula ya kushonea. Ikanipata mimi, kwa sababu zimwi lilikuwa limejificha nyuma yangu. Akasema nimtolee hilo dude, kwamba mwaka huu nimeamua kumuua. Siku nzima hatukusemeshana. Zimwi halikubishana. Lilitoka nje, likazunguka nyumba, likachuchumaa chini ya dirisha la chumba cha mbele, pale ambapo ukuta una kibonde. Kile kibonde tulikikuta tangu tukiwa watoto, tukadhani ni mvua. Mgongo wake ulikaa mle kama saa kwenye kasha lake.

Jioni, jua likiwa bado juu ya mabati, dada akiwa kwenye cherehani, mimi kwenye meza yangu, sauti ikaingia dirishani.

"Nyie watoto! Nani kavuta shuka?"

Cherehani ikanyamaza. Mimi nywele zilinisimama mpaka za mikononi. Ilikuwa sauti ya bibi. Si kama ya bibi. Ya bibi! Na kile kikohozi chake kikavu, na kigoda kikilia chini yake. Nilifika mlangoni, nikamkuta dada amesimama, kitambaa cha mteja kimeanguka sakafuni, naye anakikanyaga.

Bibi akaanza kusimulia. Alinyamaza palepale alipozoea kunyamaza ili tumbembeleze. Na dada, mwanamke mzima mwenye miwani na presha, akasema kwa sauti ndogo, "Endelea, bibi."

Tulisikiliza mpaka mwisho, ambapo zimwi linauawa. Halafu tukasikia mtu mkubwa sana akipenga kamasi chini ya dirisha.

Jumapili, tarehe 10 Machi

Dada amenikemea. Kisa nimesema "lile zimwi." Kasema mgeni hasemwi "lile," yeye si kabati. Basi. Yeye.

Tumemweka stoo. Amejikunja vizuri, hana malalamiko. Tumekunywa naye chai, na kwa mdomo wa mbele, ulio wake mwenyewe, ametueleza. Wako mazimwi wanaokula watu, hilo hakulikana. Yeye ukoo wao humeza sauti. Inaingia sikioni, inakaa, siku moja inatokea kisogoni. Zamani zile kila jioni alikuwa chini ya dirisha letu. Hakuwahi kubisha hodi.

Dada akamuuliza kwa nini.

"Ningebishaje, mama?" akasema. "Kila jioni nilikuwa nauawa. Nilikuwa nakuja kuona kama leo nitapona."

Dada aliweka kikombe chake chini. Kisha, mwenyewe, bila kuombwa, akamsimulia hadithi. Hajasimulia hadithi tangu bintiye aolewe. Alikosea katikati, akarudi nyuma, akamsahau sungura kisimani. Mwishoni zimwi likatoroka, likaoga, likaenda kwao. Jicho la mgeni wetu lilijaa hadi chai yake ikaongezeka.

Nilifurahi, nakiri. Lakini mpango? Jumanne mwalimu anarudi! Kabla ya kulala nimemfundisha zimwi kunguruma. Anasema koo linamuuma.

Jumanne, tarehe 12 Machi

Asubuhi nilikaa stoo na zimwi tukirudia. Mwalimu akiingia sebuleni, yeye anatokea, anapanua midomo yote miwili, ananguruma. Nikatoka kidogo kukaza moyo. Nina tabia ya kuongea peke yangu nikikaza moyo.

Wakaja. Wakaketi. Nikakohoa mara mbili, ndiyo ishara. Zimwi akatokea, akajaza mlango, mke wa mwalimu akapiga yowe zuri sana, na zimwi akasema, "Karibuni, jisikieni nyumbani."

Basi! Mwalimu, rangi ilipomrudia usoni, akachangamka. Kumbe amesikia nyumba yenye zimwi mwizi hasogei. Akasema anaitaka nyumba pamoja na zimwi. Akatoa kalamu! Mimi na mipango yangu, nyumba nimeipamba!

Dada hakuchukua kalamu. Alinigeukia. Akaniuliza kwa mara ya mwisho, mbele ya watu, kama nina neno.

Nikasema sina neno. Nikasema ni kalamu nzuri.

Zimwi akageuka, akatupa kisogo. Na mle mlimotoka sauti ya bibi ikatoka sauti nyingine, ya mwanamume, nyembamba, ya kutia huruma. Ilinichukua muda kujua ni ya nani.

"Asiuze. Ee Mungu, asiuze. Nitamwambia nani habari za asubuhi?"

Nilitamani ardhi inipokee. Kisha, kutoka kisogo kilekile, bibi, akicheka kwa kikohozi: "Kisebusebu huyu! Hataki, hataki, na sufuria kalamba."

Ndivyo alivyokuwa akiniita. Nilikuwa nimesahau. Hakuna aliyebaki wa kunikumbusha ila dada, na dada hakuwahi kulitumia jina hilo tangu tumzike bibi.

Dada alimwomba mwalimu radhi. Wale watu waungwana waliondoka bila neno baya, ingawa mwalimu alitazama nyuma mara nyingi. Dada akakaa kwenye ngazi. Nami nikakaa, ngazi ya chini yake, kama zamani.

"Ulidhani naondoka kwa ajili ya magoti?" akasema. "Tunakula mezani hapa, huongei. Nikajua umenichoka, unasubiri nikupishe. Neno moja tu, mdogo wangu. Ningelisikia siku ile unatafuta soksi, hata huyo mwalimu nisingemtafuta."

Nilimwambia nimesikia. Alinifuta uso kwa kipande cha kitambaa cha mteja. Nyumba haiuzwi.

Jumamosi, tarehe 16 Machi

Jioni sasa zina watu. Binti wa dada anapiga simu, tunaiweka kwenye dirisha, na wajukuu wa dada wanamsikia bibi wa bibi yao akiwauliza nani kavuta shuka. Wanapiga kelele kwa woga. Safi kabisa.

Jana kinyozi alivuka barabara. Nilijiandaa kwa kejeli. Akazungukazunguka, akasema anatafuta kitana chake, eti kimedondoka huku. Mwishowe akauliza, akitazama pembeni, kama mgeni wetu aliwahi kupita upande wa kwao, zamani. Zimwi akafikiri. Akageuza kisogo. Mwanamke akaita kutoka mbali, akivuta jina la utoto la kinyozi mpaka likawa wimbo, aje ndani anawe miguu, giza linaingia.

Ningeweza kumcheka. Nilikuwa na maneno tayari, ya wiki nzima. Nikampa kiti changu. Alikaa hadi mwisho, akaondoka bila kuaga. Leo asubuhi ameniita, akaninyoa, nami sikutazama kwenye kioo.

Jumatatu, tarehe 18 Machi

Siku ya maafa. Dada kasema nyumba ikibaki, vyumba vya juu visikae bure. Ameshampata mpangaji. Chumba kilichoko juu ya kichwa changu kabisa. Ni mzee wa bendi ya shaba, mpole, msafi, mpiga tarumbeta. Anafanya mazoezi alfajiri.

Dada aliniuliza, akinitazama machoni kwa makusudi, kama nina neno.

Nikasema sina neno hata moja. Nikasema tarumbeta ni ala nzuri, inachangamsha damu. Nilimsaidia mzee kupandisha sanduku.

Zimwi aliniona nikitoka dukani. Kaniuliza, kwa mdomo wake wa mbele, kwa nini nisimwambie tu dada. Nikamjibu kwa upole kwamba yeye amekaa mbali na binadamu muda mrefu, mambo haya hayaelewi.

Nta nimeshanunua, ile nyekundu ya kuzibia vifurushi. Mzee mwenyewe kasema anaoga kila asubuhi, tena anachelewa bafuni. Tarumbeta ataiacha kitandani.

Mpango huu hauna kasoro.