Apenisa na Dirisha Jeusi la Redio ya Labasa

Tulieni, enyi mnaongoja zamu yenu ya kikombe cha yaqona, kinywaji chetu cha mizizi, tegeni masikio niwasimulie vita alivyopigana Apenisa, fundi wa redio yetu ndogo ya Labasa, mfuga nyaya, kitisho cha kibodi, vita alivyopigana akiwa ameketi tangu mwanzo hadi mwisho.

Jumamosi ile Fiji ilikuwa kwenye fainali ya raga, na matangazo yote yalipita ndani ya kompyuta moja kongwe, ambayo ikizimwa huamka kwa hiari yake. Mara simu ikalia: mto umefunika daraja, maziko ya Bibi Kelera yameahirishwa, na jamaa zake wa milimani wako karibu kupanda lori. Ilibidi watangaziwe wakati wa mapumziko, la sivyo wangelifuata daraja lililozama.

Vasemaca, mtangazaji wetu, akarekodi tangazo. Apenisa akafungua dirisha jeusi la kuandikia amri, akaiamuru kompyuta ilicheze. Ikamjibu kwa dharau kwamba programu ya matangazo haijulikani. Maana asubuhi ile yeye mwenyewe, kwa kupenda usafi, alikuwa ameihamishia folda nyingine. Shujaa hakutetereka. Akazama kwenye mipangilio, akaandika mahali papya pa kutafutia programu, akahifadhi, akalirudia lile dirisha jeusi, akaandika amri tena. Haijulikani. Akarudia kwa kidole kizito zaidi. Haijulikani.

Hapo akaingia meneja, Bwana Jagdish, jemadari wa dawa moja.

"Zima, washa," akanena.

"Nikizima, bosi, mechi inakatika Labasa nzima. Watu watakuja hapa getini."

"Basi mimi nitakuwa nimetoka kidogo," akasema, na kweli akatoka.

"Binamu," akasema Vasemaca, maana kwetu mabinamu ni watani mpaka kaburini, "wazee wanapanda lori, wewe unabonyeza kama unakuna upele. Fanya kitu."

Filimbi ya mapumziko ikalia. Jasho likamtiririka Apenisa, akalikazia macho dirisha, na fahamu ikamshukia: lilifunguliwa kabla ya mabadiliko, nalo limeng'ang'ania mipangilio ya zamani kama mzee anayeita barabara kwa jina lililokwisha kufutwa. Kitufe cha kuzimia hakukigusa. Akanyoosha mkono, akalifunga dirisha. Akafungua jingine. Akaandika amri ileile.

Sauti ya Vasemaca ikatanda juu ya mashamba ya miwa, ikapanda hadi milimani. Lori lililokuwa likinguruma likanyamaza, wazee wakateremka, wakarudi ndani kumalizia mechi.

Jioni meneja alituhutubia kwa kirefu jinsi usimamizi wake ulivyoepusha maafa, akanywa kikombe cha kwanza cha yaqona. Cha pili akapewa Apenisa.

"Kwa hiyo ulifunga, ukafungua, basi?" akauliza Vasemaca.

"Ndiyo," akajibu shujaa, akigonganisha viganja mara moja, kama desturi yetu ya kupokea kikombe. "Lakini uliona nilivyofunga?"

Nasi tuliokuwapo twavitolea vizazi vijavyo ushahidi kwamba tuliona.